Usinawe Mikono kwa Petroli

KAZI NA AFYA
Na Bwana Shamba

Kabla hujaendelea kusoma, tazama vidole vyako. Huenda vina weusi kidogo. Weusi huo ni wino wa gazeti hili. Usiogope. Wino uliokwisha kukauka juu ya karatasi haukudhuru kwa kuushika tu. Nawa kwa sabuni na maji, utatoka.

Lakini wino huo haukuzaliwa juu ya karatasi. Ulikuwa majimaji ndani ya kopo. Kuna mtu aliyelifungua kopo hilo. Kuna mtu aliyesafisha mtambo baada ya kazi. Mtu huyo huvuta mvuke wa wino siku nzima ili wewe na mimi tupate kusoma. Pengine mtu huyo ni mwanao, au mdogo wako, au kijana wa jirani yako. Leo tuzungumze juu yake.

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupogoa kahawa. Kwa hiyo huenda unajiuliza, "Bwana shamba ana habari gani na wino?" Swali lako ni zuri. Ngoja nikueleze jinsi nilivyoingia katika jambo hili.

KIJANA ALIYEUMWA KICHWA

Siku moja nilikwenda katika kijiji kimoja juu ya Tengeru. Mama mmoja aliniita nikaitazame migomba yake. Tulipomaliza kuitazama, mama akasema, "Bwana shamba, mtazame na huyu. Dawa ya malaria amekunywa mara mbili. Kichwa hakiponi."

Aliyesemwa ni mwanawe. Ni kijana wa miaka 22. Alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mti wa parachichi. Alisimama akaniamkia, "Shikamoo." Nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mweupe. Ngozi ilikuwa imepasuka kama udongo wa tambarare ya Mbuguni wakati wa kiangazi.

Mimi si daktari. Lakini kazi yangu ni kuuliza maswali. Mmea ukinyauka, huwezi kujua sababu bila kuuliza. Basi nikamwuliza, "Kichwa huanza saa ngapi?"

Akajibu, "Huanza saa nane mchana, nikiwa kazini. Jioni huzidi. Jumapili nikiwa hapa nyumbani hupona. Jumatatu huanza tena."

Nikafikiri. Malaria haipumziki Jumapili. Ugonjwa unaopumzika siku ya mapumziko ni ugonjwa wa kazini.

Nikamwuliza kazi yake. Akasema anachapa fulana mjini Arusha, katika karakana ndogo. Wanachapa fulana za watalii, za harusi, za shule na za vyama. Wako vijana wanne katika chumba kimoja. Dirisha moja lililopo hufungwa, ili vumbi lisianguke juu ya wino mbichi. Fremu za kuchapia husafishwa kwa tina, yaani yale maji makali ya kuyeyushia rangi. Tina ikiisha, hutumia petroli. Kazi ikiisha, wote hunawa mikono kwa petroli hiyo hiyo. Pembeni lipo jiko la mkaa la kuchemshia chai.

Ndugu msomaji, niliposikia hayo, nilikumbuka wakulima wangu. Kwa miaka mingi nimefundisha watu kupulizia dawa kwenye kahawa na nyanya. Dawa nyingi za maji zimeyeyushwa ndani ya mafuta makali. Mafuta hayo ni ndugu wa tina. Moja linaitwa zailini. Limo katika dawa nyingi za shambani, limo katika tina, na limo katika rangi na wino za aina nyingi. Mkulima anayepulizia bila kujikinga hulalamika hivyo hivyo. Husema, "Kichwa kinaniuma. Nasikia kizunguzungu. Nataka kutapika."

Nilimwambia kijana aende hospitali. Nilimwambia tena jambo moja kubwa: amweleze daktari kazi anayofanya. Wengi wetu tukifika hospitali tunasema, "Naumwa kichwa," basi tunanyamaza. Daktari hawezi kujua kwamba unashinda na petroli. Mwambie.

Kijana alikwenda. Alipimwa damu. Hakuwa na malaria.

NI NINI KILICHOMO NDANI YA KOPO?

Wino una vitu vitatu vikubwa. Cha kwanza ni rangi yenyewe. Cha pili ni gundi inayoifanya rangi ishike. Cha tatu ni kiyeyushi, yaani kitu kinachoufanya wino uwe majimaji.

Ukianika nguo, maji huenda wapi? Huenda hewani. Ukichapa fulana, kiyeyushi nacho huenda hewani. Tofauti ni hii. Nguo umeianika uani, penye upepo. Fulana imeanikwa ndani ya chumba kilichofungwa, na wewe umo ndani. Kila unapovuta pumzi, unavuta kiyeyushi. Huingia kifuani. Kutoka kifuani huingia katika damu. Damu hukipeleka kichwani.

Ndiyo maana mtu huona kizunguzungu. Wengine hucheka ovyo au hukasirika bila sababu. Wengine husinzia kazini. Ni kama ulevi, ila hakuna pombe aliyokunywa.

Si wino wote ulio sawa. Upo wino unaochanganywa na maji. Huo una hatari ndogo zaidi. Upo wino unaochanganywa na tina. Huo ndio mkali. Soma maandishi ya kopo kabla ya kulifungua. Wewe sasa unajua kusoma. Kisomo chako kikusaidie hapo.

NGOZI NAYO HUNYWA

Wengi hufikiri petroli husafisha mikono. Hata mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipokuwa kijana, kila nilipomaliza kupaka rangi, nilinawa kwa petroli. Mikono ilitakata upesi. Sikujua kitu kingine kilichotoka pamoja na rangi.

Ngozi ya mwanadamu ina mafuta yake. Mafuta hayo ni kinga. Petroli haichagui. Huyeyusha wino, na huyeyusha mafuta ya ngozi pia. Ngozi iliyokosa mafuta hukauka na kupasuka. Vijidudu huingia katika mipasuko hiyo. Tena sehemu ya petroli hupita katika ngozi na kuingia mwilini.

Ndani ya petroli mna kitu kinachoitwa benzini. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba benzini inaweza kuleta saratani ya damu kwa mtu anayeipata kwa muda mrefu. Hii si sabuni, ndugu msomaji.

SUMU YA SIKU MOJA NA SUMU YA MIAKA

Iko sumu inayokuangusha leo. Iko sumu inayokusubiri.

Sisi wa Mlima Meru tunaifahamu sumu inayosubiri. Tazama meno ya watu wengi wa Ngarenanyuki na vijiji vingine vinavyouzunguka mlima. Yana rangi ya kahawia. Sababu yake ni floraidi iliyomo katika maji. Maji hayo ukiyatazama ni meupe, na ukiyanywa hayakuumizi siku hiyo. Lakini mtoto akiyanywa kwa miaka, meno hubadilika. Floraidi ikizidi sana, hata mifupa hupinda. Kitu kisichoonekana kimefanya kazi polepole.

Mvuke wa viyeyushi unaweza kufanya kazi namna hiyo. Mtu anaweza kusema, "Nimefanya kazi hii miaka mitano, sijafa." Hajafa, ni kweli. Lakini ini, figo na mishipa ya fahamu havisemi upesi.

Nitakupa mfano wa mbali. Katika mji wa Osaka, nchini Japani, kulikuwa na kiwanda kidogo cha kuchapa. Wafanyakazi walisafisha mitambo kwa kiyeyushi kikali, mara nyingi kwa siku. Chumba hakikuwa na hewa ya kutosha. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wengi wao walipata saratani ya mirija ya nyongo. Ugonjwa huo kwa kawaida huwapata watu wachache sana, tena wazee. Hawa walikuwa watu wa makamo na vijana. Hesabu ilifika wafanyakazi 17 wa kiwanda kimoja, na baadhi yao walifariki. Mwaka 2014 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikiweka kiyeyushi hicho katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani.

Sikuelezi haya ili mwanao aache kazi. Nakueleza ili ajue anachokishika.

MVUKE NA MOTO

Asubuhi ya baridi, ukungu hushuka kutoka mlimani na kulala bondeni. Mvuke wa petroli na tina hufanya vivyo hivyo. Ni mzito kuliko hewa. Hushuka sakafuni. Hutambaa. Huufuata mteremko na kuingia chini ya mlango. Wewe huuoni. Ukikuta jiko la mkaa pembeni, hushika moto. Moto hurudi mbio hadi kwenye kopo.

Sisi Watanzania tuliona jambo hili kwa uchungu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda kuchota. Moto ulilipuka. Watu zaidi ya 100 walifariki. Tukumbuke siku hiyo kila tunapofungua kidumu cha petroli karibu na moto.

Tena kuna vitambaa. Kitambaa kilichofutia wino wa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni, kinaweza kuwaka chenyewe. Usishangae. Tia mkono ndani ya lundo la mboji. Utakuta joto, ingawa hakuna aliyewasha moto. Lundo la vitambaa vya mafuta nalo huzaa joto, ijapokuwa kwa njia nyingine. Joto likikosa pa kutokea, huzidi, mpaka vitambaa vinashika moto.

MAMBO KUMI YA KUFANYA

Nimeyaandika kwa ufupi. Mkatie mwanao kipande hiki, akakibandike ukutani kazini.

1. Fungua mlango na dirisha. Hewa iingie upande mmoja na kutoka upande mwingine. Ukiogopa vumbi, tundika chandarua chepesi dirishani. Usifunge dirisha.

2. Funika kopo kila mara. Mimina kiasi unachohitaji sasa hivi, kisha funika. Kopo lililo wazi hukuletea hasara mbili. Hupoteza fedha, na huharibu hewa.

3. Usiwashe jiko, sigara wala kiberiti ndani ya chumba cha wino. Jiko la chai likae nje, mbali.

4. Usinawe kwa petroli wala tina. Jipake mafuta ya kupikia, kama ya alizeti, usugue mpaka wino ulegee. Futa kwa kitambaa. Halafu nawa kwa sabuni na maji. Mwisho jipake mafuta ya mwilini.

5. Vaa glavu nzito za mpira zinazohimili petroli. Glavu nyembamba za hospitali hazifai. Petroli huzilegeza na kuzipita.

6. Usitegemee barakoa ya kitambaa. Chujio la chai huzuia majani, halizuii maji. Kitambaa nacho huzuia vumbi, hakizuii mvuke. Iko barakoa maalumu yenye kichujio cha mvuke. Kama haipo, hewa safi ndiyo kinga yako ya kwanza.

7. Usile wala kunywa ndani ya chumba cha kazi. Nawa kwanza, kisha toka nje ule.

8. Vitambaa vichafu vitie katika debe la bati lenye mfuniko. Debe likae nje kila jioni.

9. Badili nguo kabla ya kwenda nyumbani. Usimbebe mtoto ukiwa na nguo zenye tina. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

10. Mama mjamzito asifanye kazi ya kusafishia kwa tina au petroli. Viyeyushi vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

JE, MAZIWA HUONDOA SUMU?

Yule mama wa Tengeru alikuwa akimpa mwanawe lita mbili za maziwa kila Jumatatu. Alisema, "Maziwa yatamwosha kifua."

Watu wengi huamini hivyo, hata viwandani. Mimi ni bwana shamba. Siwezi kuyasema maziwa vibaya. Maziwa ni chakula bora. Lakini maziwa huenda tumboni, na mvuke huenda kifuani. Hawakutani njiani. Maziwa hayawezi kukitoa kiyeyushi kilichokwisha kuingia katika damu. Basi mpe mwanao maziwa kwa sababu ya nguvu. Usimpe ukidhani umemkinga. Anayeamini kwamba maziwa yamemkinga huacha dirisha limefungwa.

HATARI HUFIKA MPAKA KIJIJINI

Usiseme, "Haya ni mambo ya mjini." Makopo na madumu ya mjini huja kwetu. Huuzwa sokoni kwa bei nafuu. Mtu hununua dumu lililokuwa na tina, akaliosha kwa majivu na maji ya moto, akatia maji ya kunywa, maziwa au pombe. Dumu la plastiki hunywa tina. Ukiliosha mara kumi, harufu bado imo. Harufu ikiwamo, tina imo. Usilitumie kwa kitu chochote kinachoingia mdomoni, cha mtu au cha ng'ombe.

Mapipa ya bati nayo ni hatari kwa mafundi. Pipa lililokuwa na petroli, tina au wino linaonekana tupu. Limejaa mvuke. Fundi akilikata kwa gesi au kwa mashine inayotoa cheche, linaweza kulipuka kama bomu.

Tena tusimwage maji ya kusafishia wino katika mfereji. Mto Themi hutoka mlimani, hupita katikati ya mji wa Arusha, kisha huteremka kwenda kwa wakulima wa chini. Wako watu wanaomwagilia mboga kwa maji hayo. Mchicha huo huo hurudi sokoni, ukanunuliwa na yule aliyemwaga. Tina chafu iachwe itulie katika chombo chenye mfuniko. Wino huzama chini, na ile iliyo safi juu hutumika tena kusafishia. Kinachobaki kitunzwe mpaka mwenye karakana apate maelekezo ya halmashauri juu ya mahali pa kukipeleka.

AJALI IKITOKEA

Ikiingia machoni: Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Usisugue. Kisha nenda hospitali.

Ikimwagika mwilini: Vua nguo zilizolowa. Osha mwili kwa sabuni na maji mengi.

Mtu akianguka chumbani: Fungua milango. Mtoe nje kwenye hewa safi. Kama ameanguka ndani ya tangi au shimo, usiingie peke yako kumfuata. Wengi hufa kwa kumfuata mwenzao. Ita watu.

Mtu akinywa: Jambo hili huwapata sana watoto, kwa sababu tunatia mafuta ya taa na petroli katika chupa za soda. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ili atapike. Akitapika, petroli inaweza kuingia katika mapafu, na hapo ndipo huua. Mpeleke hospitali mara moja. Chukua na chupa yenyewe umwonyeshe daktari.

Moto ukiwaka: Usimwage maji juu ya petroli inayowaka. Petroli huelea juu ya maji na moto husambaa. Kama moto ni mdogo, tumia mchanga au kifaa cha kuzimia moto. Kama ni mkubwa, toka. Piga simu namba 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

SHERIA INASEMAJE?

Nilipomweleza kijana haya yote, alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee, ninakuelewa. Lakini nikisema, nitafukuzwa. Nje ya mlango kuna vijana kumi wanaoingoja nafasi yangu."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu ni kweli. Shamba la mama yake ni nusu eka, na ndugu zake wako watatu. Fedha anayoleta kila mwezi ndiyo inayolipia sare na daftari za wadogo zake. Siwezi kumwambia, "Acha kazi, rudi shambani." Shamba lenyewe ni lipi?

Lakini anayo haki, na haki hiyo imeandikwa. Iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria hiyo inamtaka mwenye kazi kutunza usalama wa wafanyakazi wake na kuwapa vifaa vya kujikinga. Inataka mahali pa kazi paandikishwe, na pakaguliwe. Wanaosimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA. Tena uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfanyakazi akiumia au akiugua kwa sababu ya kazi, mfuko huo ndio unaohusika na fidia yake. Kwa hiyo tunza karatasi zote za hospitali. Andika tarehe ulipoanza kuumwa. Kalamu nayo ni silaha.

Sheria inamwambia mfanyakazi pia. Ukipewa glavu, uzivae. Usizipeleke nyumbani kufanyia kazi ya bustani.

WALIKWENDA WANNE

Nilimwambia kijana, "Usiende peke yako. Mmoja akisema, ni mkorofi. Wanne wakisema, ni habari."

Walikwenda wote wanne kwa mwenye karakana. Hawakwenda kwa ugomvi. Walimwambia, "Mzee, tunaumwa vichwa, na fulana zinaharibika kwa sababu tunasinzia." Mwenye karakana alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba hata yeye anaumwa kichwa. Alikuwa akichanganya wino kwa miaka mingi, na alidhani ni shinikizo la damu.

Siku ile dirisha lilifunguliwa. Walitundika chandarua cha zamani kuzuia vumbi. Jiko la chai lilitolewa nje. Dumu la petroli la kunawia liliondolewa, pakawekwa sabuni na chupa ya mafuta ya kupikia. Mambo hayo manne hayakugharimu hata bei ya fulana mbili.

Glavu zilinunuliwa pia, lakini jozi moja kwa watu wanne. Jozi moja kwa watu wanne si kinga. Hilo bado wanalidai.

Nilipopita tena kwa yule mama, nilimkuta kijana yuko nyumbani, Jumapili. Mikono yake ilikuwa imeanza kupona. Nikamwuliza habari za kichwa. Akasema, "Siku nyingi hakiumi. Siku ya kazi nyingi kinauma kidogo." Sikumdanganya kwamba yamekwisha. Nilimwambia arudi hospitali akapimwe tena, na aendelee kudai glavu.

JARIBIO LA NYUMBANI

Ndugu msomaji, turudi kwenye gazeti lako. Ukimaliza kulisoma, chukua kipande kidogo cha ukingo chenye maandishi. Kipake tone la mafuta ya kupikia. Sugua kwa kidole. Utaona kidole kimekuwa cheusi.

Sasa fikiri juu ya andazi la moto lenye mafuta, au nyama choma, vikifungwa katika gazeti. Mafuta hayo hufanya kazi ile ile ya kulegeza wino. Wino huhamia kwenye chakula. Mwaka 2016 serikali ya India iliwaonya watu wake waache kufunga chakula kwa magazeti kwa sababu hiyo. Sisi nasi tuache. Jani la mgomba lipo, safi, halina bei. Wazee wetu walilitumia.

Gazeti ulisome. Ukimaliza, mpe jirani naye asome. Kisha liweke vizuri. Usilifungie maandazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Kaeni katika kikundi chenu cha kisomo mjibizane maswali haya.

1. Kwa nini kichwa cha kijana kilipona Jumapili?
2. Je, nyumbani kwako mafuta ya taa na petroli vimewekwa katika chupa gani? Mtoto anaweza kuifikia?
3. Dumu lako la maji lilikuwa na nini kabla hujalinunua?
4. Kwa nini kijana aliogopa kusema? Wewe ungefanya nini?
5. Ni nani katika kijiji chenu anayefanya kazi ya rangi, wino au petroli? Nani kati yenu atamsomea habari hii?

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kukausha na kuhifadhi mahindi ili yasipate ukungu.

Kwa leo, nakuomba jambo moja tu. Kama liko dumu la petroli la kunawia mikono, liondoe leo. Weka sabuni mahali pake.